Nusu ya Benchi la Watoto Kumi

Siku waliyoniaga kazini, wenzangu hawakunipa saa ya ukutani wala blanketi kama wanavyopewa wastaafu wengine. Walinipa nusu ya benchi. Nusu kweli, iliyokatwa kwa msumeno, upande mmoja ina miguu yake ya asili na upande mwingine miguu ya kubandika. Wageni waliotoka mjini walinong'ona kwamba pengine nimekosana na wakubwa. Sista Kemigisha, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya, alisimama akatoa hotuba iliyo ndefu kuliko zote alizowahi kutoa: "Papa Asukulu, kalia hii." Halafu akaketi. Mimi nililia mpaka maji ya ziwa yakapanda, na viboko wakatoka nje kuuliza kuna nini.

Tangu siku hiyo ninyi vijana mliobaki na visanduku vya baridi mnanisumbua: mzee, hiyo nusu ina maana gani, na nusu ya pili iko wapi? Mmoja wenu akaomba niandike, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo chakula kinapoa. Basi naandika, na nitaanzia mwanzo, kama nilivyofundishwa shule ya jioni.

Shule yenyewe ilikuwa Nyamityobora, pale mjini Mbarara. Mchana nilikaanga chapati Kakoba, ambako waendesha boda hula wakiwa juu ya pikipiki, injini inaunguruma, kana kwamba chapati itawakimbia. Jioni nilinawa unga nikaingia darasani na watu wazima wenzangu, wengine wana wajukuu. Nilitoka na cheti chenye mhuri mpana kama chapati zangu. Nikakirudisha Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, nimekikumbatia kifuani njia nzima, nikaenda kuomba kazi ya kuchanja watoto.

Sista Kemigisha alikipokea, akakitazama mbele, akakigeuza nyuma. Yeye ni Munyankore, mwenyeji wa nchi hii, mwanamke mfupi, ila kimo ambacho hakupewa miguuni alipewa chote machoni. Kiswahili chake alikipata kwa mume askari, kwa hiyo hata akikusalimu unahisi umekamatwa.

"Wewe nasoma wapi?"

"Shule ya jioni, Sista."

"Sawa. Hii kazi ni ya asubuhi. Kesho kuja mapema."

Nilikuja mapema hata jogoo nilimkuta bado anajikuna. Nikapewa kisanduku cha baridi, na vibarafu vyake ndani, kizito kama ndama wa kiboko, nikakibeba begani mpaka chini ya paa la bati tulikochanjia. Mtoto wa kwanza kuletwa alikuwa na mguu mnene kama mkate wa mwokaji mwenye huruma. Nilishika sindano, nikautazama ule mguu, na dunia ikainama. Nilipofumbua macho, mama wa mtoto alikuwa ananipepea kwa kadi ya chanjo, na mtoto mwenyewe ananitazama kwa masikitiko. Sista alisimama juu yangu. Akasema niamke nimalize, mtoto anasubiri. Nikaamka, nikamaliza. Tangu hapo nimechoma watoto wengi kuliko mbu wote wa ziwani, na sijaanguka tena ila mara moja tu, na siku ile kosa lilikuwa la utelezi.

Yote ninayoyajua kazini nilifundishwa na huyo mama. Zungumza na mzazi kabla hujamgusa mtoto. Sindano ifiche, lakini uso wako usiufiche. Ukimaliza, msifu mtoto kwa sauti, maana mama akisikia mtoto wake ni shujaa, mwezi ujao anarudi. Na kwenye friji ya chanjo usiweke kitu kingine chochote, hata kama ni samaki sambaza wa mkuu wa kijiji na amekuomba kwa magoti. Hilo la sambaza lilitokea. Msiulize zaidi.

Sasa nifike kwenye benchi.

Chanjo yetu ya surua ilikuja katika kichupa cha watoto kumi. Ni unga, unauchanganya na maji yake, na ukishauchanganya una saa sita tu. Zikipita, kilichobaki unatupa. Wakija watoto wawili, umetupa cha wanane. Na wakubwa wa Mbarara walikuwa wakali juu ya kutupa. Walituuliza kama mtu anayeuliza nani kamwaga mafuta ya kupikia. Kwa hiyo Sista akaweka sheria: kichupa hakifunguliwi mpaka watoto watimie kumi. Akamwita Fundi Mateso, seremala wetu, atengeneze benchi la akina mama kumi barabara. Fundi alipima kwa upana wa mke wake, akazidisha, na mke wa Fundi hakuwa mtu wa kupita mlango kwa haraka. Lilitoka benchi refu namna kwamba mwanzo wake ukinyeshewa mvua, mwisho wake bado kuna jua.

Benchi likijaa, tunafungua. Lisipojaa, tunawaambia rudini wiki ijayo.

Akina mama si wajinga. Waliona haraka kwamba anayewahi ndiye anayeumia: anakaa tangu asubuhi, mtoto analia, na mchana anaambiwa arudi. Anayefika wa kumi anachomewa mtoto papo hapo, anaenda zake. Basi kila mmoja akataka kuwa wa kumi. Nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, hatua chache kutoka kwetu, wakawa wanajificha wakichungulia. Sisi tunalitazama benchi tupu, wao wanalitazama benchi tupu, na watoto migongoni wanatutazama sote. Nilichukua kipaza sauti changu, ambacho kilikuwa na sauti ya bata mwenye mafua, nikatangaza kwamba tunawaona. Wakajibu kutoka nyuma ya mashine kwamba na wao wanatuona.

Aliyeumia zaidi ni Mama Riziki. Alikuwa mama kijana wa Uvira, kule Kongo, hapa anaishi mbali, upande wa mashamba ya mwisho kabisa, na hakuwa na nafasi ya kuchungulia. Akifika anakaa, kwa sababu miguu imekwisha. Mwanawe Riziki alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua. Na surua ilikuwa imesikika ng'ambo ya ziwa. Alikuja mara ya kwanza, benchi halikujaa, akarudishwa. Akaja mara ya pili, likakaribia kujaa, akarudishwa. Alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni aliniambia kwa upole, na huo upole ndio uliniuma: "Muganga, nitarudia mara moja tena. Ikikatala, tutabaki na Mungu."

Wakati huohuo habari zilikuja kwamba wakubwa wanachagua chanjo mpya za watoto. Viwanda vina aina nyingi sasa: kichupa kikubwa, kichupa kidogo, kichupa cha mtoto mmoja, hata kibandiko cha kubandika mkononi kisicho na sindano, ingawa hicho bado kilikuwa cha kwenye picha. Wakubwa walitaka kujua sisi tunaochoma tunapenda ipi, kabla hawajaamua wao wanapenda ipi. Na mwenye sauti kubwa kuliko wote upande wetu huu alikuwa Daktari Mugume wa Mbarara, ambaye kwa siri tulimwita Daktari Friji. Hakuna sentensi yake iliyofika mwisho bila kupita kwenye friji. Alikulia Bwizibwera, mbali huko kupita Mbarara, kwa watu wa maziwa, na hoja yake ilikuwa ya maziwa: kopo kubwa moja ni rahisi kubeba, chupa nyingi ni taabu tupu. Yeye alitaka kichupa cha kumi kiendelee. Sisi tulitaka kidogo, hata kama tulijua kusema hivyo mbele yake ni kama kumtukania ng'ombe.

Akasema atakuja mwenyewe kuona.

Alikuja siku ya mgao wa chakula. Watu wote wa Nakivale walikuwa kwenye foleni ya mgao, mpaka mbwa. Mimi na Sista tulijua benchi litakuwa tupu, na moyoni tukafurahi: acha aone utupu huo kwa macho yake. Ila tulipofika chini ya bati, nilidhani nimekosea kituo. Benchi lilikuwa limejaa mwanzo hadi mwisho. Akina mama kumi, kila mmoja na kitenge chake kifuani, wametulia kama wako kwenye picha ya harusi.

Daktari Friji alisimama akatabasamu kama mtu aliyemwona mtarajiwa wake.

"Sista, wewe nalalamika nini? Hii benchi imejaa. Mimi narudi Mbarara, naambia wao Nakivale chupa kubwa iko sawa kabisa."

Mimi nilikuwa nafungua kisanduku, na hapo nikaona mambo mawili. La kwanza, hakuna mtoto aliyelia. Katika miaka yangu yote sijawahi kusikia watoto kumi wamenyamaza, hata wakiwa wamelala. La pili, wa kwanza kwenye benchi alikuwa Koko Nyota, bibi mwenye vitukuu, amekumbatia mtoto mchanga, na juu ya kichwa cha huyo mtoto, penye ncha ya kitenge, palichomoza kikonyo.

Nilimtazama Sista. Sista alikuwa ameshaona. Katikati ya benchi alikaa Mama Riziki, mara yake ya tatu, ametazama chini. Riziki alikuwa mzima na mwenye miguu, nilimwona akinyonya ncha ya kitenge. Nikaelewa yote kwa mpigo, na nadhani Sista pia alielewa. Tukinyamaza, kichupa kinafunguliwa na Riziki anachanjwa leo, lakini Daktari anarudi mjini na ushuhuda wa benchi lililojaa, na vichupa vya kumi vitatufuata mpaka kaburini. Tukisema, Daktari anaweza kukasirika, afunge kazi, na Riziki arudi nyumbani mara ya mwisho.

Hatukupata nafasi ya kuchagua. Daktari alikunja mikono ya shati, akanawa, akasema ni zamani hajachoma mtoto, na leo ataanza yeye. Akavuta kiti.

"Leta wa kwanza."

Koko Nyota akasimama. Sijui mwingine angefanya nini. Yeye alitembea polepole, kwa heshima, akamweka mwanawe kwenye mapaja ya Daktari. Daktari akafunua kitenge. Lilikuwa boga la kijani lenye mistari myeupe, limenona, safi, limepakwa hata mafuta.

Watu wote chini ya lile bati walisogea kuona. Daktari hakushtuka. Aliligeuza upande huu na upande ule, kama anatafuta paja.

"Huyu iko na miezi ngapi?"

"Tisa, Dokta."

"Nakula vizuri?"

"Anakula mingi. Ona mwili."

"Baba yake iko wapi?"

Koko Nyota alifikiri kidogo. "Alibakia mu shamba."

Daktari akamrudishia mwanawe. Akainuka, akapita kwenye benchi, kitenge baada ya kitenge. Maboga, mihogo, na kwa mama mmoja kibuyu cha maziwa, ambacho nadhani kilimgusa kama mtu wa Bwizibwera. Watoto wa kweli walikuwa watatu tu. Alipofika kwa Riziki, Riziki alimshika pua.

"Nani alifikiri hii maneno?" akauliza.

Mama Riziki hakujificha. Alisimama na mtoto wake, na aliyoyasema nayaandika kama yalivyotoka mdomoni mwake, kwa sababu nimeyarudia katika mikutano mingi na hayajawahi kupungua nguvu.

"Ni miye, Dokta. Mara ya kwanza nilikuya, bakasema benchi haiyajaa. Nikarudia, bakasema haiyajaa. Leo batu yote biko ku mgao, nikajua haitajaa. Nikasema, kama benchi inapenda kujaa, tuijaze. Ile maboga tuliazima pale ku mashine, tutabarudishia. Lakini boga haiwezi kugonjwa surua. Riziki ndiye anaweza."

Daktari alirudi kwenye kiti chake. Alilihesabu benchi tena kwa kidole, watoto huku, maboga kule. Kisha akamgeukia Sista.

"Sista, kama mimi siko hapa, watoto watatu, wewe nafungua hii chupa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya wewe."

Ninyi mnaomjua Sista Kemigisha mnajua kwamba hakuongeza chochote. Mimi nilijishughulisha na vibarafu, nikivipanga na kuvipangua. Daktari alisugua paji la uso, akatazama kichupa, akatazama maboga yaliyopangwa kwenye benchi kama wazee wa kanisa. Bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kiti kikazama kwenye udongo.

"Fungua," akasema.

Alimchoma Riziki mwenyewe. Mkono wake bado ulikuwa mzuri, nampa haki yake. Riziki alilia kilio ambacho kiliwatoa watu kwenye foleni ya mgao, na baadhi yao waliona bora walete na watoto wao. Kabla ya jua kugeuka tulikuwa tumechanja watoto wa kweli wengi kuliko maboga. Daktari aliomba aondoke na lile boga la kwanza. Koko Nyota alikataa mpaka alipoahidiwa kwamba litafika Mbarara salama na halitapikwa njiani.

Mkutano wa kuchagua ulifanyika Mbarara, katika ukumbi wa hoteli moja Kakoba, wenye viti vilivyovalishwa magauni. Mama mmoja mchangamfu alitugawia kadi zenye picha tuzipange, tunachopenda zaidi kiwe juu. Sisi wa vituoni tulikaa upande mmoja na wakubwa upande wa pili, kama maharusi wasiojuana. Mwenzetu mmoja wa kituo cha Rubondo aliuliza kama kuna kadi ya chanjo inayoweza kutembea yenyewe mpaka kwake. Wakubwa nao walitaka chanjo ndogo kama kunguni, isiyooza, isiyohitaji baridi, na iliyonunuliwa na mtu mwingine. Kadi zilipokusanywa, kila mmoja wetu alikuwa ameweka ukubwa wa kichupa juu, na kila mmoja wao ameweka nafasi ya friji.

Hapo Daktari Friji akaliweka boga mezani, bado limevaa kitenge, akawasimulia yote bila kujificha, hata lile neno la Sista. Nikaona ushindi umefika, nikasimama kuongeza maneno mawili, na nadhani niliongea mpaka chai ikatoka na vikombe vikaoshwa. Nikasema tunataka cha mtoto mmoja mmoja, basi, yamekwisha.

Daktari akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaleta kisanduku cha baridi kama changu, na maboksi matupu ya vichupa vya mtoto mmoja, vya kutosha kwa siku moja ya kazi yangu. "Papa Asukulu, panga."

Nilipanga. Nikapangua, nikapanga upya. Nikatoa kibarafu kimoja, akakirudisha. Nikafunga kifuniko, kikafunguka. Mwishowe nilikikalia, mbele ya wakubwa wote, nikiwa na suti ile niliyopokelea cheti, kama kuku anayetamia, na bado niliona maboksi yanachungulia chini yangu. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikavua magauni. Daktari hakucheka. Aliniuliza taratibu kama ningeweza kubeba visanduku viwili vya namna hiyo begani, kupanda kile kilima chetu. Nikamwambia ukweli: hata kimoja nilikuwa nabeba kwa maombi.

Basi ikawa hivyo. Wao walishuka kutoka kumi, sisi tukapanda kutoka moja, tukakutana kwenye kichupa cha watoto watano, kijaribiwe kwetu kwanza. Na Daktari akasema mbele ya wote, ili tusimsingizie baadaye, kwamba akija mtoto mmoja tu na ameshatimiza umri, kifunguliwe, na atakayeuliza kuhusu kutupa aulizwe yeye.

Tuliporudi Nakivale, Sista Kemigisha hakuita mkutano. Alimwita Fundi Mateso na msumeno. Fundi aliumia, akasema kazi yake nzuri inakatwa kama muwa. Sista akamwambia akate. Nusu moja ikabaki chini ya bati, nusu ya pili ikawekwa stoo, nami nikawa naiangalia kila nikienda kuchukua sabuni, sijui kwamba inaningoja.

Siku yangu ya mwisho kazini ilinyesha mvua kubwa, ya kuhamisha nyumba. Hakuna aliyekuja. Nilikaa na kisanduku changu, nikawaza kwamba nitamaliza kazi kama zile siku za zamani, nikilitazama benchi tupu. Kisha nikamwona mtu anapanda kilima peke yake, amejifunika karatasi ya nailoni, amefunga kitu mgongoni. Hakupita nyuma ya mashine kuchungulia. Alikuja moja kwa moja akakaa katikati ya ile nusu benchi, akakamua maji kwenye nguo. Alikuwa Mama Riziki. Riziki yuko shule, akasema; huyu ni mdogo wake.

Nikachukua kichupa, nikakifungua kwa ajili yake mmoja. Kitenge kilikuwa kimefungwa mpaka juu, na ndani kimya kabisa. Mtu wa kazi yangu akishaumwa na boga mara moja huwa mwangalifu. Nikamuuliza:

"Mama Riziki, huyu ni mtoto ao ni boga?"

Akaniwekea mapajani bila hata kutabasamu.

"Chomaka, Papa. Tutasikia."

Nikachoma. Bwizibwera wote wakaacha kukamua ng'ombe kusikiliza.